Hamira ya Salimini

Sheria ya siku hizi haimhesabu mtu kuwa amekufa maadamu iko hamira iliyopandikizwa vinasaba vyake, na bado inatengeneza protini za mwili wake. Maabara ilipopata ilichotaka kwenye hamira ya Salimini, ambaye mwili wake ulikwisha zikwa, ilimrudishia mkewe Mwanakheri chupa ya mwisho aitunze kwenye friji. Basi mwaka wa pili huu alikuwa hajaruhusiwa kukaa eda. Kila alipokwenda, kadhi alimjibu kwa upole, "Mumeo yu hai, binti yangu. Rudi ukamtunze."

Siku ya kumi na nane ya Ramadhani, Mwanakheri akakata shauri. Akaimimina chupa yote kwenye unga, akaukanda huku akilia, akautia mkate jikoni. Moto ungemmaliza. Mkate ulipoiva ulinukia shingo ya Salimini akitoka kazini. Akaufukia uani, akavaa nguo za eda, akaketi mkekani.

Magharibi ilipokaribia, jirani yake Mgeni akaingia na sinia la mikate kutoka nyumba za mtaani, kama ilivyo desturi ya mwezi huo. Harufu ile ile ikajaa chumbani.

"Shoga, utaniwia radhi," alisema Mgeni. "Juzi ulipokuwa sokoni niliishiwa hamira, nikachota kijiko kwenye chupa ya friji yako. Inaumua ajabu. Majirani wote wameniomba, na kila nyumba imebakiza donge la kuumulia unga wa kesho."

Mwanakheri akavua nguo za eda, akazikunja, akaenda kumtengea mumewe sahani.