Salamu Mahakamani

Hakimu alisoma majibu ya vipimo vya damu: Ngwali ndiye baba wa Zaina, na tangu leo mtoto atakaa kwake. Miaka sita Ngwali alikuwa akilipigania neno hilo, baba.

Nje ya mlango, Bi Siti, bibi yake Zaina aliyemlea tangu mama wa mtoto afariki, alimsukuma mtoto mbele.

"Haya, mchukue. Hiyo karatasi itamsuka nywele? Zaina, msalimie mjomba wako."

"Mimi ni baba yake, mama. Umesikia hukumu."

"Mwambie yeye."

Zaina aliinamisha kichwa, kama alivyofunzwa. "Shikamoo, mjomba."

Ngwali alifungua mdomo. Akiitika, amekuwa mjomba. Asipoitika, amemkataa mwanawe. Kichwa kidogo kilibaki kimeinama, kikingoja mkono wa kuitikia salamu.