Betri Isiyo na Fyuzi

Mke wake alikuwa ameinama ndani ya gari, kiuno kimeziba mlango wote, akimenya waya mwembamba kama utambi.

Fundi wa umeme wa magari alitaka kupiga kelele. Ulimi ukamlalia mdomoni kama mgeni asiyeaga. Tangu kiharusi kimpige, kilichobaki chini ya amri yake ni macho na shingo.

Gari hilo ndilo lililokuwa mali yao. Mke alitaka kulifungia betri ya pili na inveta ya kuendeshea mashine za nywele, azunguke mitaani na saluni yake. Wazo zuri, ila fundi wa kazi hiyo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kimesogezwa hadi mlangoni pa gari, mkono wa kulia umelazwa gotini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kila alipokuja, aliukanda mkono huo na kusema haujafa, ni uvivu tu.

Zamani haukuwa mvivu. Mtu akikosea mbele ya fundi, hakuelekezwa. Alipokonywa kifaa.

"Baba Pacha, waya wa inveta si lazima uwe mnene, eti?"

Akakodoa macho. Mke akampangusa jasho, akamuuliza kama ana kiu.

Kisha akatangaza kwamba fyuzi haionekani, na hata hivyo fyuzi ni za waoga.

Huyu huyu aliyemshikia tochi miaka yote, akimsikia akiwahubiria wateja kuwa betri isiyo na fyuzi ni moto uliokosa mwaliko tu! Fundi akatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Mke akasema pole, nzi wamezidi, akampepea.

Kisha akaupeleka ule utambi kwenye betri, polepole, kama anayetunga sindano. Wala hakuitazama betri. Fundi akaliona gari likiwaka, saluni ikiwaka, Mama Pacha akiwaka. Machozi yakamshuka, na hapakuwa na wa kuyafuta.

Waya ukapokonywa.

Vidole vya kulia vya fundi vilikuwa vimeufumbata, vikitetemeka kama kifaranga kilicholowa. Akaufuata kwa macho hadi ncha ya pili. Ilikuwa imefungwa kwenye kamba ya aproni ya mke wake.

Mke akasogea pembeni. Nyuma yake, kebo nene nyekundu ilitoka kwenye betri, ikapita kwenye fyuzi, ikaingia kwenye inveta iliyokuwa imeshawaka taa ya kijani.

"Umenichelewesha," akasema, sauti imemkatika. "Nakosea tangu asubuhi, mgongo umeniisha."