Wastani wa Nyumba

Kheiria alikuwa hoi, kutwa yuko kwenye cherehani na joto la Maskati. Hata hivyo alikaa mkekani kumdurusisha binti yake. Kesho mtihani wa hesabu.

"Wastani ni kujumlisha, kisha kugawa kwa idadi. Haya, nipe wastani wa umri wa watu wa nyumba hii."

Mtoto aliandika wake, wa mama, wa bibi. Akasita.

"Mama, na baba nimtie?"

Baba alibaki Unguja siku ya mapinduzi, na mpaka leo habari zake hazijulikani. Kheiria hakuwahi kukaa eda.

"Gawa kwa tatu, mwanangu."

Akaanza kuvua bangili za harusi. Zilitoka bila sabuni. Mkono ulikuwa umekonda.