Picha Kutoka Maabara

Mke wa Mbaluka alipenya katikati ya mbuzi wa soko la Ikutha, simu juu. Maabara ilikuwa imetuma picha: mbegu moja ya mumewe imenata kwenye yai.

“Daktari anasema safari hii ile protini ya kichwani mwa mbegu imeshika yai!”

Miaka yote mbegu za Mbaluka ziligusa yai zikateleza, naye akaificha aibu hiyo. Sasa aliachilia kamba ya beberu, akanyakua simu, akaonyesha wanunuzi, wauza chai, kila mtu.

“Huyu mwenye mkia ni wangu!”

Mkono wa mwisho kuipokea ulikuwa wa mama mkwe wake, ambaye kwa heshima Mbaluka hakuwa amewahi hata kumtazama usoni.

Mama akavaa miwani, akaikodolea macho picha.

“Mwanangu,” akamwambia Mbaluka, “mwambie huyo mwenye mkia asiachilie.”