Sahani ya Mgeni

"Mama, tulia bwana, Krismasi si vita!" Bogna, binti yangu, aliniita kwa sauti kutoka sebuleni. Siku tatu nzima alikuwa akiniambia nivute pumzi, nipumzike, nami nakaanga samaki na kufungia uyoga ndani ya unga uliokandwa. Vyakula kumi na viwili, kama desturi yetu itakavyo.

Nyota ya kwanza ilipoonekana, ishara ya kuanza kula, nikavua aproni, nikaenda kwenye meza aliyoiandaa Bogna. Vidole vilikuwa bado vinanuka kitunguu hata baada ya sabuni.

Wote walikuwa wameshakaa: Bogna, mumewe, wakwe zake, watoto. Ilibaki sahani moja tupu, ile ambayo kila nyumba kwetu huiweka jioni ya mkesha kwa msafiri yeyote atakayebisha hodi. Nikatafuta yangu. Haikuwepo.

Nikavuta kiti kilichokuwa mbele ya ile sahani tupu, nikakaa.

"Ee Mama, hapo si pa mgeni?" Bogna akacheka. "Umeanza kusahau?"

"Sijasahau, mwanangu." Nikaisogeza sahani karibu yangu. "Nimetoka mbali na njaa inaniuma. Nipakulieni."

Kicheko kikamkwama. Akazihesabu sahani kwa macho, akarudia tena. Hakuna aliyeshika upawa.