Kibao cha Kijani

Kikombe cha kahawa kilipasuka ukutani, kando tu ya kichwa cha Kondo.

"Rudia," alisema Hamoud. "Rudia hapahapa barazani kwangu, kwamba mtoto wa Twaha alionyeshwa kijani."

Kondo, fundi magari aliyezoea kunywa kahawa pale tangu ujana wake, alijifuta shingo kwa kiganja. "Mie nasema walivyosema waamuzi, mzee. Sijasema ndivyo ilivyokuwa."

Baraza la duka la vipuri la Hamoud, kule Tabata, halikuwa na mazungumzo mengine siku hizo. Zamani walibishania nani mkali zaidi kati ya Muntasir, mwana wa Hamoud, na Anwar, mwana wa Twaha mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Wazee walichukiana kwa sababu ya biashara, vijana wakaipeleka chuki ile kwenye mashindano ya magari, na mtaa mzima ukapata cha kushabikia. Sasa Muntasir yuko kaburini, na ubishi umebaki kwenye kibao.

Kila gari la mashindano hubeba kibao kimoja. Upande mmoja ni kijani: tuko salama, pita. Upande wa pili ni mwekundu: simama utuokoe. Gari la Muntasir lilipopinduka kwenye mashamba ya mkonge, la kwanza kutokea nyuma yake lilikuwa la Anwar, na Anwar akapita. Gari lililofuata lilimkuta Muntasir damu imemwishia. Daktari alisema angewahiwa kidogo tu, angepona.

Waamuzi wakatoa uamuzi kwamba Anwar hana kosa, alionyeshwa kijani. Wakampa na kombe juu yake.

"Alionyeshwa na nani?" alidakia Adelard, kinyozi wa jirani ambaye hakuwahi kukosa mbio hata moja ya Muntasir. "Faraji aliyekuwa anamsomea ramani alizimia palepale, kaja kuzindukia hospitali. Muntasir mwenyewe yuko hoi. Hicho kijani alikishika jini?"

"Twaha kawahonga," alisema Hamoud. "Basi."

"Lakini Anwar si mtu wa kumwacha mtu, mzee," Kondo hakukoma. "Mwaka juzi, kwenye matope, nani alisimama akamvuta Muntasir kwa kamba?"

Watu waliinamia vikombe vyao. Hakuna aliyeisahau siku ile. Hamoud alimpokea mwanawe palepale barazani, gari likichuruzika matope, akamwambia mbele ya kadamnasi, "Siku nyingine bora uozee humohumo, kuliko kuokolewa na mtoto wa Twaha." Baraza lilivunjika mbavu kwa kicheko. Muntasir naye alicheka, akasema, "Nimesikia, baba," na kwa mwezi mzima baba yake hakumwitikia salamu.

"Alimvuta ili kutuaibisha," Hamoud alisema. Aliizungusha kidoleni pete ya akiki, ile aliyomvalisha mwanawe siku ya mbio zake za kwanza, ikarudi kutoka hospitali imefungwa kwenye leso. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu mimi alisikia kila nililomwambia. Kila neno! Na bado wameniulia."

Alikuwa amekata rufaa, na ilikuwa isikilizwe kesho yake. Hakutaka kombe wala fidia. Alitaka jina la Anwar lifutwe kwenye mashindano maisha, na mtaa mzima umjue kuwa ni muuaji.

Alasiri ile Anwar alivuka barabara. Tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga baraza lile. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

Hamoud hakuitika.

"Nimekuja kukuomba uifute rufaa. Kombe nitakuletea. Mashindano nimeshaacha, na mtaani waache waniite watakavyo, sitajibu. Ila ukishikilia rufaa, wataonyesha picha za kamera iliyokuwa kwenye gari langu. Mie ndiye niliyewaomba wasizionyeshe."

"Unaogopa."

"Naogopa, mzee. Wallahi naogopa."

Hamoud alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kicheko chenyewe kilikuwa kichungu kama shubiri. "Waambie wanitengee kiti cha mbele kabisa."

Wakamtengea. Chumba cha rufaa, huko Kinondoni, kilijaa watu wa Tabata. Kondo na Adelard walisimama nyuma yake. Anwar alikaa pembeni na baba yake, kichwa amekiinamisha, viganja vimeziba masikio.

Picha zikaanza. Vumbi, safu za mkonge, kona. Kisha gari la Muntasir likaonekana kwa mbali, limelala ubavu. Faraji alikuwa ananing'inia kwenye mikanda, hajitambui. Dirishani ulitokeza mkono umeshika kibao.

Kilikuwa chekundu.

"Chekundu!" Adelard alipiga kelele. "Mmeona nyote? Chekundu hicho!"

Chumba kililipuka. Hamoud aliinuka, machozi yakimtiririka ndevuni, akamnyooshea Anwar kidole. "Muuaji! Nilisema mie! Nilisema!"

Anwar hakuinua kichwa. Picha zikaendelea.

Gari lake lilipunguza mwendo, likasogea, likakaribia kusimama. Vumbi likatulia. Uso wa Muntasir ulichomoza dirishani, ukatazama ni gari la nani. Kisha ule mkono wenye pete ya akiki ukakigeuza kibao, taratibu, upande wa kijani.