Mshumaa wa Siwema

"Washa tena," alisema Mzee Mwinyimadi.

Siwema akawasha mshumaa mara ya tatu. Akaufunika kwa chupa kubwa ya peremende waliyopewa na mwenye duka, na wazazi waliojaa darasani wakanyoosha shingo. Moto ukasinyaa, ukawa wa buluu, ukazimika. Moshi mwembamba ukabaki ukizunguka ndani ya chupa.

Ilikuwa siku ya wazazi katika shule ya Masaki, mwaka wa pili tangu vita ya Hitla iishe. Mwalimu Felician alikuwa amewaambia watoto kila mmoja aonyeshe jambo moja la sayansi kwa mikono yake. Wengine walileta maharage yaliyooteshwa kwenye pamba, wengine viluwiluwi wa mbu waliokufa chini ya mafuta ya taa. Watu walishika, wakaulizana, wakataniana. Mezani kwa Siwema hakuna aliyetania.

Kila mtu alijua sababu. Mama yake, Biasha, alikuwa amefukuzwa kijijini kwa uchawi. Mke mwenzake, Tatu, alijifungua mtoto wa kiume, akawekwa ndani kama ilivyo desturi: madirisha yamezibwa kwa magunia, mianya ya juu ya ukuta imekandikwa udongo, karai la makaa ya moto limewekwa chini ya kitanda usiku kucha, maana baridi ndiyo adui wa mzazi. Kabla ya arobaini mtoto akakutwa amekufa, hana jeraha wala homa. Tatu hakufumbua kinywa tangu mazishi. Na Biasha alikuwa ameonwa, si mara moja, akinyemelea mlango ule usiku.

Uke wenza una sumu yake, watu wakasema. Mume alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo baba mkwe, Mzee Mwinyimadi, ndiye aliyehukumu. Biasha akaenda Gwata kwa ndugu zake, na Siwema akabaki kwa babu yake, akilala na kuamka bila mama. Ndiyo maana mtoto huyu hakuchagua kuotesha maharage.

"Mshumaa si mtu," mzee alisema.

"Unavuta hewa kama mtu, mzee wangu," Mwalimu Felician akajibu. "Na makaa nayo yanavuta. Chumba kikizibwa hewa inaharibika, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kushindwa."

"Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Mlango ule ulilindwa usiku ule. Nililinda mimi, kwa macho yangu haya, tangu isha mpaka alfajiri. Hakuingia mtu. Asubuhi mtoto amekufa. Kama si uchawi, alipita wapi?"

Wazee wenzake wakaguna kukubali. Mwinyimadi alikuwa na kichwa kigumu kama kifuu, lakini mwongo hakuwa.

Siwema hakubishana; mtoto habishani na babu yake mbele za watu. Akaweka kaa la moto kwenye kifuniko cha kopo kando ya mshumaa, akafunika. Safari hii moto ulikufa upesi zaidi. Akauwasha tena, akamsogezea mzee chupa.

"Funika wewe, babu. Ukiona unataka kuzimika, inua."

Mzee akafunika. Moto ukasinyaa. Ulipobaki kama punje ya mtama akainua chupa, nao ukasimama tena, mrefu, wa manjano. Akafunika, akainua. Akafunika, akainua. Watu wa nyuma walianza kuchoka na kutafuta mlango. Mwalimu aliyaona macho ya mzee yakijaa maji, akamwonea huruma hata akashindwa kumtazama.

"Basi," mzee alisema mwishowe. "Hakuna aliyemroga mjukuu wangu. Kesho nakwenda Gwata mwenyewe. Nitamwomba Biasha radhi, arudi nyumbani kwake."

Siwema akajifunika uso kwa viganja, akalia. Akina mama waliokuwa karibu wakalia naye, hata wale waliokuwa wa kwanza kumzomea Biasha siku alipoondoka. Mwalimu Felician akashusha pumzi. Alifurahi kwamba kazi imekwisha, na akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mzee alimvuta mjukuu wake karibu.

"Niambie jambo moja tu, mama. Mama yako alikuwa akifuata nini pale mlangoni?"

"Mama mdogo Tatu alikuwa akimwita. Alikuwa anasema kichwa kinampasuka, mtoto anahema vibaya. Mama akienda anaufungua mlango kidogo, wakipata nafuu anaurudisha. Aliogopa kusema, babu. Kumfungulia mzazi mlango ni kosa."

"Alikwenda kila usiku?"

"Kila usiku," Siwema akasema. "Isipokuwa usiku ule uliokaa wewe mlangoni."